Twaenda na Nani?

Katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, Mtume Paulo awaonya Wakristo juu ya hasara ya kuzoeana na wenye maneno maovu. Wenye elimu husema ya kuwa onyo lile lilikuwa mithali kwa Wayunani, nalo limo katika kazi za Menander, mtunga michezo aliyeishi yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Basi hata watu wasioijua Injili walilitambua jambo hili. Wazee wetu nao walisema: Samaki mmoja akioza, wote huoza.

Walakini yafaa tuulize swali la pili. Ikiwa uovu huambukiza, je, wema hauambukizi? Sikilizeni habari iliyotukia kaskazini yetu, ng'ambo ya Ngara, mahali paitwapo Gahini katika nchi ya Rwanda.

Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Gahini kufanya kazi katika hospitali ya misioni. Njaa kuu iliwapata watu siku zile, na moyo wake ukachoka. Mwezi wa Septemba 1929, alipokuwa Kampala, alikutana na Mkristo wa Buganda, Simeoni Nsibambi, juu ya kilima cha Namirembe. Wawili hao wakasoma Biblia pamoja na kuomba, naye daktari akarudi kazini na nguvu mpya. Blasio Kigozi, ndugu mdogo wa Nsibambi, akaja Gahini kuwa mwalimu.

Huko hospitalini alikuwako Yosiya Kinuka, mkubwa wa watumishi, mtu wa Ankole. Alikuwa na manung'uniko mengi, na wenziwe walimfuata katika kunung'unika. Daktari akampeleka Kampala akakae na Nsibambi. Kinuka alieleza mabaya yote ya hospitali. Nsibambi akamjibu ya kuwa shina la mabaya hayo limo moyoni mwake yeye mwenyewe. Neno hilo lilimchoma. Alipokuwa njiani kurudi, alitubu. Tangu hapo yeye na Blasio wakawa marafiki wa kuomba pamoja, na mwisho wa mwaka 1933, katika mkutano wa Gahini, watu wengi walianza kuungama dhambi zao waziwazi. Blasio alifariki Januari 1936, lakini uamsho ule ulikwisha kuvuka mipaka, ukafika Uganda, na baadaye Bukoba na nchi nyingine.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, Kinuka hakuongozwa na rafiki aliyemsifu, bali na rafiki aliyemwambia kweli. Mwenye kucheka nawe katika kila jambo hakupendi kwa hiyo tu. Huenda anaogopa kukupoteza, au anatafuta mwenzi wa dhambi yake. Pili, siku chache za kukaa pamoja zilifanya kazi ambayo amri za mkubwa hazikuweza kuifanya.

Lakini hata kikao chema kina hatari yake. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha Mukono, Uganda, walifukuzwa kwa ajili ya ugomvi uliotokea kati yao na wakuu wao juu ya uamsho huo. Sitaki kuwahukumu wa upande wo wote. Nasema tu ya kuwa waaminio wakikaa wao kwa wao, ni rahisi kuwadharau wengine, nao wenye madaraka ni rahisi kuwaogopa. Kikao cha Kikristo kisichokuwa na unyenyekevu hugeuka kuwa ukuta.

Sasa tutazame nyumba zetu. Tangu zamani vijana wa Buha wamesafiri mbali kutafuta fedha. Baba zetu wengi walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Leo wana wetu huenda mijini na katika machimbo ya dhahabu ya Geita. Mzazi humpa mwanawe nauli na maharage ya njiani, akamwuliza habari za mshahara. Wala hamwulizi, Utalala nyumba moja na nani? Jumapili utasali na nani? Ukiugua nani atakuombea? Na kumbe maswali haya ni makubwa kuliko mshahara, maana kijana aliye mgeni na mpweke humpokea mtu wa kwanza atakayemwita ndugu.

Kwa hiyo, mzazi, kabla mwanao hajaondoka, mtafutie Mkristo wa huko, na barua ya usharika imtangulie. Mwalimu, angalia mtoto akaaye peke yake darasani. Mpe mwenzi mwema kabla mwenzi mbaya hajampata.

Wala mtu asiseme, Basi nimtenge jirani yangu mlevi. Bwana wetu alikula pamoja na watoza ushuru, nao ndio waliogeuzwa. Mtu na ajipime hivi: Tunapokaa pamoja, ni nani anayemvuta mwenziwe? Ukiona jirani yako anaanza kuja kanisani, kaa naye zaidi. Ukiona wewe unaanza kuikosa sala ya jioni kwa ajili ya kibuyu chake, ondoka upesi, ukarudi kwake siku nyingine pamoja na ndugu wa pili. Kwa maana Bwana naye aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili.