Sweta la Sufu Hunyooshwa Lingali Bichi

Kobero ni mji mdogo wa mpakani, upande wa Muyinga, kaskazini-mashariki ya Burundi. Ng'ambo yake ni Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania. Nchi hiyo ni ya nyanda za juu, na usiku wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, baridi yake humsumbua sana mtoto mchanga. Huko sweta lililofumwa kwa mkono si pambo, ni kinga.

Mama anayemfumia mwanawe sweta hutumia jioni nyingi, na fedha ya uzi hutoka katika matumizi ya nyumbani. Inasikitisha basi kuona kazi hiyo ikiharibika mara ya kwanza inapofuliwa. Vipande hushonwa vikiwa vimejikunja. Sweta likichafuka hutiwa katika maji ya moto, hufikichwa kama shuka, kisha huanikwa kambani. Likikauka, ama mikono imerefuka kupita kiasi, ama mwili umenywea na kugandamana hata halivaliki.

Sababu ni mbili. Sufu ni manyoya ya kondoo, na kila unywele wake una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Joto na kufikichwa huyafanya magamba hayo yashikane, na yakishashikana hayaachani tena. Pili, sufu iliyolowa hulegea na kukubali umbo inalopewa; ikikauka hulishika umbo hilo. Ndiyo maana sweta lililoning'inizwa na maji yake hurefushwa na uzito wake lenyewe. Lakini tabia hiyo inayoliharibu ndiyo pia inayoweza kulitengeneza.

Kwanza hapana budi kuhakikisha kwamba uzi ni sufu kweli. Kipande kifupi kishikwe kwa koleo na kuunguzwa juu ya sahani, mbali na watoto. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Uzi wa akriliki huyeyuka na kuacha kipunje kigumu. Uzi huo haushiki umbo kwa maji kama sufu, na pasi ya moto huuharibu.

Ikiwa ni sufu, kazi hii hufanywa vizuri zaidi kabla ya kuunganisha vipande. Mtoto apimwe kifua na urefu wa mkono kwa futikamba, kisha iongezwe nafasi ya sentimita 5 hivi kifuani, ili aweze kuvaa nguo nyingine ndani na kupumua bila taabu.

Beseni lijazwe maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo iliyokwisha kuyeyuka. Vipande vitumbukizwe na kuachwa kwa dakika 20, bila kufikichwa. Visuuzwe kwa maji yenye joto lile lile, kisha viinuliwe kwa mikono miwili kutoka chini, visining'inie. Visikamuliwe kwa kusokotwa. Vikunjwe ndani ya taulo kavu na kukandamizwa mpaka maji mengi yatoke.

Baadaye vitandazwe juu ya godoro au mkeka mnene uliotandikwa kitambaa safi kisichochuja rangi. Vivutwe taratibu mpaka vifikie vipimo, na kubanwa kwa pini zisizoshika kutu, kila baada ya sentimita 2 au 3. Mikono miwili ilinganishwe. Pindo za kiunoni na za mikononi zisivutwe, zisije zikapoteza mnyumbuko wake. Kisha viachwe kivulini, penye hewa, siku moja au mbili. Pini zisiondolewe mpaka vikauke kabisa.

Ieleweke kwamba njia hii husawazisha tu vitanzi na kurekebisha sentimita moja au mbili. Sweta lililofumwa dogo mno halitakua kwa kuvutwa. Hilo dawa yake ni kulifumua na kuanza upya.

Kila sweta linapofuliwa, lirudishwe katika vipimo vyake na kukaushwa likiwa limelazwa. Likitunzwa hivyo, mtoto wa kwanza ataliacha likiwa bado zima, na mdogo wake atalirithi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Na sweta la sufu nalo halina wakati mwingine wa kufundishwa umbo lake.