TUCHAGUE CHUJIO LA CHAI LINALOFAA

Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo sana cha jikoni. Kitu chenyewe ni chujio la chai. Pengine utacheka na kusema, "Sasa chujio nalo ni la kuandikwa gazetini?" Hebu subiri kidogo, utaona.

Siku moja tulitembelea darasa la kisomo katika kijiji kimoja. Saa nne wanakisomo walipumzika. Mama mmoja akatuletea chai. Alikuwa anaichuja kwa kitambaa cheupe chenye matundu madogo madogo. Alikuwa amekishona vizuri kwenye duara la waya. Tulipokitazama karibu, tukaona ni kipande cha chandarua.

Tukamwuliza, "Mama, hiki si ni kile chandarua cha dawa?"

Akajibu, "Ndicho, mwalimu. Lakini kimeshazeeka, na nimekifua mara nyingi. Dawa itoke wapi tena?"

Mzee mmoja aliyekaa karibu akadakia, "Na tena kinachuja vizuri, huoni jani hata moja."

Mama yule hakuwa mjinga. Alikwisha nunua chujio dukani mara mbili, na yote mawili yalipitisha majani. Ndipo akajitengenezea lake. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumweleza jinsi ya kuchagua chujio. Ndiyo sababu tumeamua kuandika habari hii.

CHANDARUA SI CHUJIO

Vyandarua vingi siku hizi vimetiwa dawa ya kuua mbu. Katika aina nyingine dawa imepakwa juu ya nyuzi. Katika aina nyingine imechanganywa ndani ya nyuzi zenyewe huko kiwandani, makusudi, ili isiishe upesi kwa kufuliwa. Basi chandarua hata kikizeeka na kutoboka, dawa inaweza kuwa bado imo. Sasa wewe unakimwagia chai inayochemka, halafu chai hiyo unampa mtoto. Dawa ile ni ya kuua mbu. Haikutengenezwa ili inywewe.

Na wavu wa dirishani? Nao usiutumie. Mwingine ni waya uliopakwa zinki au rangi, mwingine ni wa plastiki. Haukutengenezwa kwa ajili ya chakula.

Kama huna chujio kabisa, tumia kitambaa cheupe cha pamba. Kichemshe kwanza, kianike juani, na kiwe cha kazi hiyo tu. Lakini kitambaa kinateleza upesi kutoka mdomoni mwa chombo, na chai ya moto ikakumwagikia. Kwa hiyo ni heri kupata chujio.

KWANZA, YAJUE MAJANI YAKO

Wazee wetu wa pwani walijua kwamba kila kichujio kina kazi yake. Kifumbu kilisukwa kwa ajili ya kukamulia tui la nazi. Chekecheke lilikuwa la unga. Hakuna aliyechekecha unga kwa kifumbu. Na chujio la chai ni hivyo hivyo: kwanza uliza linachuja majani gani.

Chai ililetwa hapa Tanzania na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na Amani katika milima ya Usambara ni mahali pamoja ilipopandwa kwanza. Leo inalimwa pia Mufindi, Njombe, Rungwe na kwingineko. Sehemu kubwa ya chai yetu hutengenezwa kwa mashine zinazokata, kuchana na kuviringisha majani mabichi mpaka yawe chenga ndogo. Njia hiyo ilianza Assam, India, mwaka 1930. Ukifungua pakiti ya chai ya dukani, chenga hizo nyeusi ndizo utakazoona.

Chenga hizi zina faida. Zinatoa rangi na ukali upesi. Lakini zinapita kwenye matundu makubwa. Kwa chai ya namna hii unahitaji wavu wenye matundu madogo sana. Chujio la bati lililotobolewa matundu kwa msumari au kwa mashine halifai. Lile linafaa kwa majani marefu yaliyosokotwa, au kwa chai ya mchaichai, tangawizi na mdalasini, ambayo vipande vyake ni vikubwa.

PILI, ANGALIA UNAVYOPIKA

Nyumba nyingi hupika chai ya maziwa kwa kuchemsha kila kitu pamoja katika sufuria. Maziwa huweka utando, na utando huo huziba matundu. Kwa hiyo chagua chujio lenye mdomo mpana na kina kirefu kidogo. Chujio dogo la kikombe kimoja litaziba upesi, chai itafurika pembeni na kukuunguza.

Wengine hupenda chai ya rangi, nao huweka majani ndani ya birika na kumwagia maji ya moto. Kwa kazi hiyo kuna machujio ya kutumbukiza. Yapo ya namna mbili. Moja ni kijungu kidogo cha mviringo kama yai. Unakifungua, unatia majani, unakifunga na kukitumbukiza kwa mnyororo. La pili ni kama kikapu kirefu cha wavu, linakaa ndani ya birika au kikombe.

Ukiweza kuchagua, chukua la kikapu. Sababu ni hii: majani makavu yakipata maji huvimba. Yakibanwa ndani ya kijungu kidogo, maji hayafiki katikati. Nje yanaiva, ndani hayatoi kitu. Kama una kijungu, usikijaze kupita nusu.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Chukua bilauri mbili. Kwanza tia kijiko cha chuma katika kila moja ili zisipasuke, kisha mimina maji ya moto kiasi sawa. Katika moja tia kijiko kimoja cha majani yaliyojazwa ndani ya kijungu. Katika nyingine tia kijiko kimoja cha majani ndani ya kikapu. Ngoja dakika nne. Linganisha rangi, halafu onja. Mwenye kijungu mara nyingi huona chai yake hafifu, akaongeza kijiko kingine.

Tufanye hesabu. Tuchukulie kijiko kidogo cha majani kina gramu 2, nawe unapoteza kijiko kimoja kila siku. Kwa mwaka ni 2 mara 365, yaani gramu 730. Hizo ni karibu pakiti 3 za gramu 250. Basi chujio baya unalilipia kila siku bila kujua.

TATU, ANGALIA MPINI NA MASIKIO

Jambo hili watu wengi hulisahau, lakini ndilo linalowaunguza. Tazama namna tunavyochuja. Mkono mmoja umeshika sufuria ya moto, mkono wa pili umeshika chujio juu ya chupa ya chai. Sufuria ikiyumba, chai inamwagika mkononi, au inamwagikia mtoto aliyekaa karibu.

Tafuta chujio lenye masikio, yaani vile vyuma viwili vinavyojitokeza upande usio na mpini. Masikio yanaegemea ukingo wa chombo upande mmoja, mpini upande wa pili. Chujio linakaa lenyewe, nawe unashika sufuria kwa mikono yote miwili. Kabla ya kununua, pima kwanza mdomo wa chupa yako ya chai kwa kijiti au kamba, uende nacho dukani. Na unapochuja, weka chupa mahali pasipoyumba, na watoto wasogee mbali.

UKIFIKA DUKANI

Usione haya. Fedha ni yako. Mwombe mwenye duka akupe chujio mkononi, ufanye mambo haya:

1. Liinue kwenye mwanga. Matundu yote yalingane. Ukiona mahali nyuzi zimeachana, liache.

2. Pitisha kidole taratibu penye ukingo. Ncha za waya zisichome, kwa sababu zinaweza kukatika na kuingia ndani ya chai.

3. Tikisa mpini. Ukilegea leo, kesho utang'oka chai ikiwa ya moto.

4. Chukua majani makavu kidogo kutoka nyumbani, yafunge kwenye karatasi. Yatie ndani ya chujio, ugonge polepole. Vumbi kidogo likipita si neno. Chenga zenyewe zikipita, hilo si chujio lako.

5. Uliza limetengenezwa kwa kitu gani. Chuma kisichoshika kutu ndicho bora. Hata kama bei yake imezidi, linadumu. Waya uliopakwa rangi ya kung'aa hubambuka na kushika kutu. La plastiki lisikae karibu na moto, na likianza kupinda au kupasuka, litupe.

KULITUNZA

Ukimaliza kuchuja, usiliache mpaka kesho. Ligeuze, ligonge majani yatoke, kisha lioshe kwa maji yanayopita upande wa nje kuja ndani. Sugua kwa mswaki wa zamani uliochemshwa. Ule weusi unaobaki ni rangi ya chai. Ukiuacha unaziba matundu. Kama chujio ni la chuma kisichoshika kutu, lichemshe katika maji yenye kijiko cha magadi ya kupikia, halafu suuza. Likaushe na litundike mahali penye hewa. Majani uliyoyatoa, kama hayana maziwa wala sukari, yapeleke kwenye shimo la mboji.

Mama yule wa kijijini tuliagana naye vizuri. Hakukasirika. Alikichukua kile kichujio chake, akakata uzi na kuondoa kipande cha chandarua, duara la waya akabaki nalo. Akasema, "Hili nitalishonea kitambaa cha pamba mpaka nipate fedha. Lakini mwalimu, mbona hamkutuambia mapema?"

Hatukuwa na jibu. Tumeandika habari hii ili wewe msomaji usije ukatuuliza swali lile lile. Isome, kisha msomee na jirani yako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwako mnachuja chai kwa kitu gani? Kilitengenezwa kwa kazi hiyo?

2. Kwa nini kufua chandarua cha dawa mara nyingi hakutoshi kukifanya kiwe chujio?

3. Kama nyumba inapoteza gramu 2 za majani kila siku, kwa mwezi wa siku 30 inapoteza gramu ngapi?

4. Chujio lenye masikio linamsaidiaje mama mwenye mtoto mdogo jikoni?