Kabla ya Kulaumu Sauti: Ufunguo wa Wimbo katika Karaoke ya Vijana

Karaoke, yaani uimbaji juu ya muziki uliorekodiwa bila sauti ya mwimbaji wake huku maneno yakipita kwenye kioo, huhesabiwa nchini Tanzania kuwa burudani ya baa za jioni, na kwa kuwa baa si mahali pa watoto, kijana wa sekondari katika kata kama Ihanda, Wilaya ya Mbozi, kwa kawaida huifanya kwa simu, spika ndogo na biti iliyopakuliwa mtandaoni. Hapo ndipo wengi hugundua, au hudhani wamegundua, kwamba hawana sauti. Dhana hiyo mara nyingi si sahihi, kwa sababu kinachomwangusha kijana mwoga ni ufunguo wa wimbo kabla ya wimbo wenyewe, ufunguo ukiwa ni kimo ambacho "do" ya wimbo imewekwa, na ambacho noti nyingine zote hupimwa kutoka hapo.

Sauti hutokana na nyuzi za sauti, mikunjo miwili midogo iliyomo ndani ya zoloto, kooni, ambayo hutikisika hewa inapopanda kutoka mapafuni. Kadiri nyuzi hizo zinavyorefuka na kunenepa, ndivyo zinavyotikisika polepole zaidi na sauti kuwa nzito. Wakati wa balehe zoloto la mvulana hukua kwa kasi, na sauti yake ya kusemea hushuka kwa takribani oktavo moja, ambayo ni umbali wa kutoka do hadi do inayofuata: kutoka mitikisiko ya karibu 250 kwa sekunde hadi karibu 120. Ya msichana nayo hushuka, ingawa kwa nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti) chache tu, na kwa muda fulani huambatana na hewa inayovuja hata ikasikika kama mnong'ono. Mmarekani John Cooksey, aliyeyagawa mabadiliko ya sauti za wavulana katika hatua, alionyesha kwamba katikati ya safari hiyo eneo ambalo mvulana analimudu hubana kwa muda, na hilo ndilo linalozaa aibu nyingi zisizo na sababu. Noti ya juu ya msanii haifikiki tena kama ilivyofikika mwaka uliotangulia, na akishuka oktavo nzima ili aikwepe, wimbo unamtumbukiza chini mno, mahali ambapo sauti haitoki.

Woga huongeza tatizo kwa njia ya mwili, si ya fikra pekee. Homoni ya adrenalini huchangamsha moyo, hufupisha pumzi na kukaza misuli inayolizunguka zoloto, huku kinywa kikikauka, kwa hiyo noti ambazo kijana alizifikia akiwa peke yake humkimbia mbele za watu, na zile za juu ndizo zinazotangulia kukimbia. Kanuni ya vitendo inayotokana na hali hiyo ni kwamba noti ya juu kabisa ya wimbo unaochaguliwa iwe chini, kwa nusu toni tatu au nne, kuliko noti ya juu ambayo mwimbaji huifikia akiwa ametulia. Anayechagua wimbo unaogusa mpaka wa uwezo wake amejiwekea mtego mwenyewe.

Wilayani Mbozi, ambako misheni ya Wamoraviani ilianzishwa mwaka 1899 na kwaya zimekuwa sehemu ya maisha ya kanisa kwa vizazi kadhaa, jibu la tatizo hili linajulikana tangu zamani, ingawa halijahusishwa sana na karaoke. Waimbaji wa kwaya husoma nyimbo kwa herufi za do, re, mi, mfumo ulioanzishwa na Sarah Glover na kuendelezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, na katika mfumo huo do haina makazi ya kudumu. Mwalimu wa kwaya huitoa do mahali panapowafaa waimbaji alionao siku hiyo. Waimbaji wa sauti ya kwanza wakilalamika kwamba wanakabwa, anaishusha, na wimbo unabaki uleule. Kwenye biti ya simu mambo yamegeuzwa: do imekwisha kuwekwa na mtu mzima studioni, kwa ajili ya koo lake, na kijana wa miaka 14 anatakiwa aifuate.

Karaoke haikuwa hivyo mwanzoni. Inoue Daisuke, mpiga kinanda wa Kobe nchini Japani aliyeunda mashine ya karaoke mwaka 1971 na kukodisha mashine 11 za kwanza mjini humo, alianza kwa kumrekodia kanda mteja mmoja aliyekuwa na uimbaji wa kubahatisha, akiupanga muziki ufuate namna mteja huyo alivyoimba. Muziki, kwa maneno mengine, ulimfuata mwimbaji. Programu nyingi za simu leo huweza kupandisha au kushusha ufunguo bila kubadili kasi, na kitufe hicho, ambacho vijana wengi hawakigusi kamwe, kina thamani kuliko orodha yoyote ya nyimbo rahisi. Kushusha nusu toni mbili hadi tano hutosha kwa wengi.

Hata hivyo nyimbo hazilingani. Jambo Bwana, uliotolewa na Them Mushrooms wa Kenya mwaka 1982, ni mfano wa wimbo mwepesi kwa kila kipimo: vipande vyake ni vifupi, nafasi za kuvuta pumzi ni nyingi, melodi hairuki hatua ndefu, na maneno yake ni salamu ambazo hakuna anayeweza kuzisahau. Vijana watauona kuwa wimbo wa watalii, na pengine wana haki, lakini kwa siku ya kwanza ya kushika maiki ni vigumu kupata mwalimu mvumilivu zaidi. Nyimbo za mwimbaji Mr. Nice za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zenye viitikio vinavyojirudia kama michezo ya watoto, zina sifa hizohizo. Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William na baadaye kuimbwa na Miriam Makeba, hudhaniwa kuwa rahisi kwa sababu ni wa polepole, ilhali upole huo ndio ugumu wake, kwani noti ndefu humwacha mwimbaji wazi, na pumzi fupi ya mwenye woga huishia katikati ya neno.

Kughani, yaani kusema maneno kwa mapigo bila melodi, ni mlango mwingine mzuri kwa mvulana ambaye sauti yake inavunjika, kwa kuwa hakumdai noti yoyote. Wimbo Zali la Mentali wa rapa Professor Jay husimulia kisa chenye mwanzo na mwisho, jambo linalosaidia kumbukumbu, na kiitikio alichoimba Juma Nature kinaweza kushikwa na rafiki au na kundi zima. Kijana anayejua kwamba wenzake wataingia baada ya mistari kadhaa hupungukiwa na woga. Singeli, muziki ambao mapigo yake aghalabu huzidi 200 kwa dakika, haifai kwa kuanzia, wala taarabu yenye mapambo mengi ya sauti juu ya silabi moja. Nyimbo za injili za Rose Muhando hupendwa makanisani, lakini nguvu ya koo lake isiigwe na anayeanza.

Kuna pia ulinganisho usio wa haki unaofanywa kimyakimya. Tangu Andy Hildebrand alipotoa programu ya Auto-Tune mwaka 1997, sauti zinazosikika kwenye rekodi nyingi, Bongo Fleva ikiwemo, zimenyooshwa noti kwa noti na kurudufiwa, hivyo kijana anayejisikiliza kwenye spika ndogo analinganisha koo tupu na kazi ya mashine. Tena, wasiosikia vizuri tofauti za noti kwa kuzaliwa ni wachache mno: utafiti wa Isabelle Peretz na Dominique Vuvan uliochapishwa mwaka 2017 uliwakadiria kuwa asilimia 1.5 ya watu. Utafiti mwingine, ambao Simone Dalla Bella na wenzake walichapisha mwaka 2007 huko Kanada, ulionyesha kwamba watu wa kawaida waliimba kasi kuliko wanamuziki, na walipotakiwa kupunguza mwendo, makosa yao ya noti yalipungua kwa kiasi kikubwa. Kwa kijana wa Ihanda hilo lina maana ya kuanza mazoezi na biti iliyopunguzwa hadi asilimia 80 ya kasi yake, ufunguo ukiwa umeshushwa, na kutorudi kwenye kasi kamili mpaka maneno yamekaa kichwani kiasi kwamba kioo cha simu kinaweza kugeuzwa upande wa pili.