Mali Bila Daftari: Kazi ya Daktari Billings, Mtunza Maktaba wa Serikali



Jambo hili limetokea katika vikundi vingi. Ng'ombe wa mwanachama ameugua. Mama mmoja anasema, "Lakini daktari wa mifugo alitufundisha ugonjwa huu, na tukaandika!" Ni kweli, iliandikwa. Lakini iko wapi? Katibu wa wakati ule alihama. Daftari moja liko kwa mwenyekiti, lingine lilinyeshewa. Watu wanatafuta mpaka jioni, na ng'ombe hangoji.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali. Tunaweza kuwa nayo nyumbani kwetu, na bado tukateseka kama watu wasio nayo. Safari hii tunaeleza habari za mtu mmoja aliyeona shida hiyo akiwa kijana, akatumia miaka 30 kuiondoa. Jina lake ni John Shaw Billings wa Marekani.

KIJANA ALIYETAFUTA MIEZI SITA

Billings alizaliwa mwaka 1838 katika jimbo la Indiana. Alipenda kusoma kuliko kitu kingine, hata Kilatini alijifunza mwenyewe. Alipotaka kwenda chuo alipatana na baba yake hivi: baba amsaidie kulipia masomo, naye aache urithi wake kwa dada yake. Alimaliza chuo mwaka 1857, kisha akasomea udaktari mjini Cincinnati. Fedha zilikuwa haba. Msimu mmoja wa baridi alikula kwa senti 75 kwa wiki, hasa maziwa na mayai.

Ili kumaliza masomo mwaka 1860 alitakiwa kuandika insha. Alichagua ugonjwa wa kifafa na matibabu yake kwa njia ya upasuaji. Akataka kujua madaktari wengine walijaribu nini, wagonjwa wangapi walipona na wangapi walikufa. Hilo ni swali la kawaida. Lakini majibu yalikuwa yametawanyika, kidogo katika kitabu hiki, kidogo katika jarida lile. Alitumia karibu miezi sita akifunua vitabu zaidi ya elfu moja. Tena aligundua kwamba hakuna maktaba hata moja katika Marekani yote iliyokuwa na vitabu vyote alivyohitaji.

Hebu fikiri. Huyu alikuwa mwanafunzi, alikuwa na nafasi ya kutafuta. Je, daktari wa kijijini mwenye mgonjwa mlangoni angefanyaje? Dawa inaweza kuwa imekwisha kujulikana, imeandikwa, imepigwa chapa, na mgonjwa akafa kwa sababu hakuna ajuaye ni ukurasa gani. Billings hakusahau jambo hilo maisha yake yote.

MAKTABA NDOGO YA JESHI

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, Billings aliingia jeshini kama daktari. Alitibu majeruhi wengi, hata wale wa mapigano makubwa ya Gettysburg mwaka 1863. Mwaka 1864 alipelekwa Washington, katika ofisi ya Daktari Mkuu wa Jeshi. Mwaka uliofuata vita vilikwisha, naye akapewa kazi ya kutunza vitabu vya ofisi hiyo. Vilikuwa kama 2,300 tu.

Mtu mwingine angesema, "Hii si kazi ya daktari." Billings aliona nafasi yake imefika. Katika hospitali za vita zilikuwa zimebaki kama dola 80,000, nazo zikatolewa kununua vitabu. Lakini fedha peke yake hazikutosha. Basi akaandika barua, tena nyingi sana. Aliwaandikia madaktari, wahariri wa majarida, na wawakilishi wa Marekani katika nchi za nje, akiomba vitabu vya zamani na vipya. Kitabu alichokuwa nacho mara mbili, alibadilishana na mwenye kingine. Hiyo ndiyo harambee ya vitabu! Alipostaafu kazi hiyo mwaka 1895, maktaba ilikuwa na vitabu zaidi ya 116,000 na vijitabu zaidi ya 191,000.

Kwa miaka 20 maktaba hiyo ilikaa katika jengo la Ford, lile ambalo Rais Lincoln alipigwa risasi ndani yake mwaka 1865, lilipokuwa bado ukumbi wa michezo. Jengo halikufaa, na Billings hakuchoka kudai lingine. Maktaba ilihamia jengo jipya mwaka 1887. Mwaka 1893 sakafu za jengo la zamani zilianguka, zikaua makarani 22 wa serikali waliokuwa wakifanya kazi humo. Kama maktaba ingalikuwa bado pale, sijui tungekuwa tunaeleza habari gani leo.

KUINGIA NDANI YA VITABU

Kukusanya vitabu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kufanya mtu apate anachotafuta. Chombo cha kazi hiyo kinaitwa faharasa, yaani orodha ya kuonyesha jambo fulani liko wapi. Sisi kanisani tunakijua. Mwishoni mwa kitabu cha nyimbo kuna orodha ya maneno ya kwanza ya kila wimbo. Hukumbuki namba, lakini wakumbuka unavyoanza, basi unaupata mara moja.

Wakati huo maktaba nyingi ziliorodhesha jina la kitabu na la mwandishi, basi. Billings alitaka kuingia ndani. Jarida moja laweza kuwa na makala 20 juu ya magonjwa 20, na kila moja ilistahili kuonekana. Kwa hiyo majarida yalipelekwa nyumbani kwake jioni, naye usiku aliyasoma na kutia alama kwa penseli kila makala yenye faida. Kesho yake makarani waliandika kila moja kwenye kadi yake. Kadi zikapangwa kwa alfabeti, kwa jina la mwandishi na kwa jina la jambo lenyewe.

Kabla ya kuchapa kazi yote, mwaka 1876 alitoa kijitabu cha mfano, akawapelekea madaktari waseme kama kitawafaa. Hakutaka kuwapikia watu chakula bila kuwauliza wanakula nini. Kisha aliliomba Bunge fedha. Kitabu cha kwanza cha orodha hiyo kilitoka mwaka 1880, na cha 16 mwaka 1895.

Lakini elimu mpya hutoka kila siku, na orodha kubwa huchelewa. Kwa hiyo mwaka 1879 Billings na mwenzake, Dk. Robert Fletcher, walianzisha jarida la kila mwezi lililoitwa Index Medicus, la kuonyesha makala mpya za udaktari. Halikuwa na faida ya fedha. Lilisimama mwaka 1899, likafufuliwa mwaka 1903.

MANENO MACHACHE MEZANI

Billings alisaidia pia kazi ya sensa ya Marekani ya mwaka 1880, upande wa hesabu za vifo na magonjwa. Makarani walihesabu karatasi kwa mkono, na kazi haikuisha upesi. Jioni moja akila nyumbani kwake na kijana fundi, Herman Hollerith, alisema kwamba ingefaa iwepo mashine ya kufanya hesabu za namna hiyo. Hollerith alilishika neno hilo. Akatengeneza mashine ya kusoma kadi zenye matundu, ikatumika katika sensa ya mwaka 1890 kuhesabu watu karibu milioni 63. Kampuni yake iliungana na nyingine, na mwaka 1924 zikapata jina la IBM, kampuni maarufu ya kompyuta.

Hollerith alikuwa amemwalika Billings washirikiane katika biashara hiyo. Alikataa. Alisema yeye alitaka tu kuona tatizo limetatuliwa.

Baada ya jeshi, mwaka 1896 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa maktaba ya watu wote ya jiji la New York. Yeye ndiye aliyechora mpango wa kwanza wa jengo lake kubwa. Lilifunguliwa mwaka 1911, naye akafariki mwaka 1913.

Kazi yake haikufa. Ile maktaba ya jeshi ikawa maktaba ya taifa ya udaktari mwaka 1956. Mwaka 1964 faharasa ikaanza kutengenezwa kwa kompyuta, na tangu mwaka 1997 mtu yeyote anaitafuta bure kwenye intaneti. Mhudumu wa zahanati ya misheni huku kwetu, akiwa na simu, anaweza kuuliza juu ya kifafa na kupata kwa dakika moja orodha ambayo Billings aliitafuta miezi sita.

NA SISI KIKUNDINI?

Hatuhitaji kompyuta ili kuanza. Billings alianza kwa penseli na kadi. Tunahitaji sanduku la viatu, karatasi ngumu zilizokatwa sawasawa, na mtu mwaminifu.

1. Kadi moja, jambo moja. Juu andika jambo lenyewe kwa herufi kubwa, kwa mfano: MBUZI – KUHARISHA. Chini andika tarehe, aliyefundisha, na mahali pa kusoma zaidi: "Daftari la 3, ukurasa 14."

2. Andika siku ile ile. Ukingoja wiki mbili, utakuwa umesahau kipimo cha dawa.

3. Panga kwa alfabeti, A mpaka Z. Kama jambo lina majina mawili, tengeneza kadi mbili.

4. Waulizeni wanachama wanatafuta nini mara nyingi. Anzeni na hayo.

5. Sanduku likae mahali panapojulikana na pakavu, na watu wawili au zaidi wajue kulitumia. Katibu akihama, elimu isihame naye.

6. Habari za mikopo na maradhi ya watu zisiwekwe humo. Hizo ni siri.

Luka, ambaye Paulo anamwita daktari mpendwa, naye alichunguza habari kwa makini na kuziandika kwa utaratibu, ili msomaji wake awe na hakika. Kuandika kwa utaratibu ni njia ya kumpenda jirani, hata jirani ambaye bado hajazaliwa.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
– Ni mafunzo gani tuliyopata miaka mitano iliyopita ambayo leo hatuwezi kuyapata?
– Daftari zetu ziko wapi sasa hivi, na nani anajua kilichomo?
– Nani atatengeneza kadi kumi za kwanza kabla ya mkutano ujao?