Kipimo Thabiti na Kipimo Halali

Mchuuzi aliyetia nta chini ya pishi yake hupata jibu lile lile kila apimapo, leo na kesho, kwa mkono wake au kwa mkono wa mtumishi wake. Kipimo chake ni thabiti, lakini si halali.

Wataalamu wa elimu ya nafsi, wapimao akili na kumbukumbu za watu, huyatenga mambo hayo mawili. Uthabiti ni kipimo kutoa jibu moja kikirudiwa, au kikishikwa na mtu mwingine. Uhalali ni kupima kitu kile kilichokusudiwa, wala si kingine. Kipimo kigeugeu hakiwezi kuwa halali. Bali kipimo thabiti chaweza kukosa uhalali, na hapo ndipo penye hatari, kwa maana jibu lisilobadilika hutuliza moyo.

Twatoa mfano wa Liberia. Katika miaka ya 1960 Michael Cole na wenzake, mmoja wao John Gay, mwalimu wa Chuo cha Cuttington, waliwapa Wakpelle vitu 20, yaani vyakula, nguo, zana na vyombo, wavipange vile vipatanavyo. Walitazamia vyakula viwe fungu lake, na zana fungu lake. Lakini watu wakaweka kisu pamoja na chungwa, jembe pamoja na kiazi, wakasema ndivyo afanyavyo mwenye hekima. Joseph Glick alisimulia katika maandishi yake ya 1975 kwamba mwulizaji, alipochoka, aliuliza: Je, mpumbavu angepangaje? Mara wakavipanga kwa mafungu yale yale aliyoyatazamia.

Basi kipimo kile hakikupima uwezo wa kupambanua. Kilipima watu wale huona nini kuwa ni hekima. Na Wakpelle hao, katika kukisia vikombe vya mchele vilivyomo chomboni, waliwashinda Wamarekani waliojaribiwa.

Sisi waalimu nasi tu wapimaji. Mtoto anyamazaye mbele ya swali twamwandika mjinga, naye labda amefunzwa kwao kwamba kutojibizana na mkubwa ndiyo adabu. Tusikate hukumu kwa swali moja. Tuligeuze swali, tumwulize sababu ya jibu lake, tumtazame shambani na mchezoni. Yote yakipatana, twaweza kusema tumempima. Yasipopatana, tukague pishi kwanza, ndipo tumkague mtoto.