Katambuga: Ughaibuni zinalipiwa ghali, Singida zinadharauliwa

KWA mchungaji anayeswaga ng'ombe kwenda mnadani, au mkulima wa alizeti anayeingia shambani kabla jua halijachomoza, katambuga ni kiatu cha kazi. Zimekatwa kwenye tairi kuukuu, zinashikwa kwa kanda za mpira, na mwiba wa mgunga hauzipenyi kirahisi. Hata hivyo, kijana akikaribia mjini huzivua na kuvaa raba za mitumba, asije akaitwa mshamba.

Wakati huko zinavuliwa, ughaibuni viatu vya ukoo huo huo vimekuwa biashara. Mwaka 2009 Mmarekani Christopher McDougall alitoa kitabu kuhusu Watarahumara, watu wa milimani nchini Mexico ambao hukimbia masafa marefu wakiwa na ndala za tairi. Kitabu hicho kiliuzwa sana, na watu wenye uwezo wakaanza kutafuta viatu vya soli nyembamba, wengine wakakimbia pekupeku kabisa. Kampuni kama Luna Sandals na Xero Shoes zilianzia kwenye ndala za namna hiyo. Jozi moja inaweza kufika dola 100 za Marekani, na wateja wapo.

Wanachonunua ni nini? Raba nyingi za kukimbilia zina kisigino kilichoinuliwa na sponji nene, nazo hubana vidole. Kiatu chembamba ni bapa, kina nafasi ya vidole, na mguu unaihisi ardhi. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, waliochunguza pia wakimbiaji wa Kenya, walionyesha kuwa waliozoea kukimbia pekupeku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na hivyo hukwepa ule mshindo wa ghafla unaompata anayetua kwa kisigino. Wapenzi wa pekupeku hupenda pia kumtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu.

Lakini mfanyabiashara asikimbilie kuuza katambuga kama dawa ya magoti. Utafiti uliofanywa miongoni mwa Wahadzabe wa Bonde la Eyasi, ambao baadhi yao wanaishi wilayani Mkalama, ulichapishwa mwaka 2014 na ukaonyesha kuwa wanaume wengi walitua kwa katikati ya wayo, ilhali wanawake na watoto wengi walitua kwa kisigino. Kumbe kiatu peke yake hakiamui mtu akimbie vipi. Mwaka huo huo kampuni ya Vibram, inayotengeneza viatu vyembamba vyenye vidole, ilikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliodai kuwa faida za kiafya walizotangaziwa hazikuwa na ushahidi. Kampuni haikukiri kosa, ila fedha zilitoka.

Aidha, anayehama ghafla kutoka raba nene huumia. Uzito wa kazi huhamia kwenye vigimbi, kano ya kisigino na mifupa ya wayo. Aliyekulia kwenye katambuga ana miguu iliyofanyiwa mazoezi tangu utotoni. Wa mjini hana, na anapaswa kuanza kwa kutembea, kisha mbio fupi kwa wiki nyingi. Pekupeku tupu shambani ni hatari nyingine: minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya mguu kwenye udongo wenye unyevu, na jeraha la mwiba linaweza kuleta pepopunda. Mwenye kisukari asithubutu.

Na mbio za ushindani zimekwenda upande mwingine kabisa. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Mampando wilayani Ikungi, alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo Septemba 15, 2025 kwa saa 2:09:48, sawasawa na Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili, hakuwa pekupeku. Kanuni za mbio za barabarani zinaruhusu soli hadi milimita 40, na mabingwa wa siku hizi wanaitumia nafasi hiyo.

Soko la katambuga basi si la mabingwa. Ni la watembeaji, wakulima, watalii na watu wanaopenda kiatu chenye asili. Mfano wa karibu ni Ethiopia, ambako mwaka 2004 Bethlehem Tilahun Alemu alianzisha soleRebels jijini Addis Ababa, akichukua kiatu cha tairi kilichovaliwa na wakulima wa kwao na kukiuza nchi za nje. Tairi ni lile lile la wote. Tofauti ilikuwa kwenye umaliziaji, namba za kiatu na jina.

Hapo ndipo fundi wengi wa mnadani wanapopoteza fedha. Jozi hukatwa kwa kukisia, mguu mmoja ukawa mpana kuliko mwenzake. Misumari inayoshika kanda haikunjwi vizuri, baada ya miezi michache inachoma wayo. Soli ya tairi la lori huachwa nene na ngumu, ikawa nzito kuliko raba yenyewe. Fundi akiichonga ikawa nyembamba, akapitisha kanda kwenye matundu badala ya kupigilia, na akawa na vipande vya kupimia vya namba 38 hadi 44, anakuwa na bidhaa ambayo mwenye duka anaweza kuagiza bila kuja na mguu wake.

Malighafi nayo inataka macho. Barabara ya Dodoma kwenda Nzega hupitisha malori mengi mkoani, kwa hiyo tairi zilizokwisha hazikosekani. Tatizo ni kwamba tairi nyingi za sasa zina nyaya za chuma ndani, tofauti na zile za zamani zenye nyuzi za nailoni. Nyaya hula kisu, na soli ikilika hujitokeza na kuchana mguu. Kabla ya kulipa, fundi akague ukingo uliochanika: akiona nyaya zinang'aa, ashushe bei au aliache tairi hilo kwa wengine.