Tumewaachia Wengine Ladha ya Chai Yetu

Wavutaji wa sigara nene za Havana wana mazoea yanayowachekesha wengi. Mmoja huvuta, akafumba macho, kisha akatangaza kwamba ameonja pilipili manga mwanzoni na mdalasini mwishoni. Mwenzake hupinga: si mdalasini hata kidogo, ni kungumanga. Sisi watazamaji husema hayo ni maringo ya matajiri. Sigara yenyewe siisifu, maana madhara yake yanajulikana. Hata hivyo, ubishi huo una funzo kwa mwalimu wa lugha. Watu hao wamekubaliana juu ya majina ya mambo yasiyoonekana wala kushikika. Je, sisi tumekubaliana?

Siku moja niliwapa wanafunzi wangu chai ya rangi isiyo na sukari, iliyochumwa Kuresoi, papa hapa katika kaunti ya Nakuru. Niliwataka waeleze ladha yake kwa Kiswahili. Karibu karatasi zote zilisema kwamba chai hiyo ni "kali" au "chungu". Nikawauliza: kisu ni kikali, mbwa ni mkali, jua ni kali, pilipili ni kali, siki ni kali, na mwalimu naye ni mkali. Chai hii inafanana na nani kati ya hao? Darasa likacheka, kisha likanyamaza.

Aliyevunja kimya ni kijana aliyelelewa na nyanya yake huko pwani. Alisema, "Mwalimu, chai hii ina ukakasi." Naam, ndilo neno lenyewe! Ukakasi ni ile hali ya ulimi na ufizi kukauka na kukwaruza, kama ya mtu aliyeuma ndizi mbichi. Si uchungu wala si uchachu. Hutokea pale kemikali zilizomo katika jani la chai zinaposhikana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake. Neno tulikuwa nalo siku zote. Tulichopoteza ni mazoea ya kulitumia.

Yamkini msomaji atauliza: hasara iko wapi? Hasara iko mfukoni. Mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi mwaka wa 1956 na kuhamia Mombasa mwaka wa 1969 hutegemea sana ulimi wa mwonjaji. Yeye huivuta chai mdomoni kwa kishindo ili hewa ipeleke harufu hadi puani, huitema, kisha huandika uamuzi wake. Uamuzi huo huandikwa kwa Kiingereza, na kwa msamiati wa wachache. Mkulima anayeambiwa kwamba bei ya chai ya kiwanda chake imeshuka kwa sababu ya ladha hawezi kuuliza swali la pili. Asiye na jina la kasoro hawezi kuirekebisha, wala hawezi kuibishia.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu. Nawasihi watazame tena. Tuna chakula dufu na mchuzi chapwa. Tuna chumvi iliyokolea na limau linalotia meno ganzi. Tuna shombo ya samaki. Tuna hata jozi ya vitenzi ambayo lugha nyingi zingeionea wivu: kunuka na kunukia. Kiambishi kimoja tu huitenga karaha na raha.

Tuchukue mfano wa moshi. Chai ikipata moshi kiwandani, mwonjaji huikataa: inanuka moshi. Lakini mwendee mama wa Kikalenjin anayetengeneza mursik. Yeye huupaka ndani ya kibuyu unga wa makaa ya mti wa senetwet, akamimina maziwa na kuyaacha yachache. Maziwa hayo hunukia moshi, na asiyejua kuyaandaa hutambulika kwa mnywaji katika funda la kwanza. Moshi ni moshi, ila lugha ndiyo inayotuarifu kama umefika mahali pake.

Vilevile nawaonya wenzangu wanaokimbilia tafsiri sisisi. Waingereza husema kwamba chai nzuri ina "mwili". Tukilichukua neno hilo lilivyo tutachekesha watu, ilhali kila mpikaji wa uji anajua tofauti ya uji mzito na uji mwepesi. Tuseme basi uzito wa chai, nasi tutaeleweka Njoro hata Lamu.

Jambo hili si kipawa cha kuzaliwa nacho. Mwaka wa 2014, wanaisimu Asifa Majid na Niclas Burenhult walionyesha kwamba Wajahai, wawindaji wa misitu ya Malaysia, hutaja harufu kwa wepesi uleule wanaotajia rangi, ilhali wasemaji wa Kiingereza walisitasita na kubabaika. Anayezoea kutaja hutaja.

Walimu wenzangu, ni insha ngapi mmesahihisha zinazosema "chakula kilikuwa kitamu sana", zikaishia hapo? Msiupitishe tena utamu huo. Mtumeni mwanafunzi jikoni kwa nyanya yake na sokoni kwa wauza viungo, arudi na maneno matano ya ladha na maana zake. Wahenga walisema kwamba mwonja asali haonji mara moja. Basi na tuonje tena, na safari hii tukitaja tunachokionja.